Kuotesha skabiosa za kudumu kwa mbegu katika bustani ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatokana na yale yanayorudiwa na watu walioshika pakiti ya mbegu za skabiosa kwa mara ya kwanza, na pia na wale ambao wamekwisha kupoteza trei moja au mbili na wanataka kujua walikosea wapi. Pale ambapo jibu limetolewa kwingine, msomaji ameelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Kuufahamu mmea

1. Skabiosa ni ua la namna gani, na kwa nini linafananishwa na mto wa pini?

Skabiosa ni jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, iliyo katika familia ya Caprifoliaceae, ingawa vitabu vya zamani huiweka katika familia ya Dipsacaceae, ambayo siku hizi imeunganishwa na hiyo ya kwanza. Kile tunachokiita ua moja kwa kweli ni kichwa chenye vijiua vingi vilivyobanana: vile vya pembeni vina petali kubwa zilizochanua kama marinda ya gauni, na vile vya katikati ni vidogo na vimesongamana. Hufunguka kuanzia pembeni kuelekea katikati, na kila kijiua husukuma nje stameni 4, yaani viungo vya kiume vyenye chavua, zenye vichwa vilivyopauka. Ukiliinamia ua lililofunguka nusu, utaona kitu ambacho kila fundi cherehani anacho mezani, yaani kijimto cha duara kilichochomekwa pini, vichwa vya pini vikiwa juu. Ndiyo sababu Waingereza huliita ua la mto wa pini.

Jina la kitaalamu halina uzuri huo. Linatokana na neno la Kilatini *scabies*, yaani upele, kwa kuwa zamani huko Ulaya baadhi ya mimea hii ilitumiwa kutibu magonjwa ya ngozi yenye kuwasha.

2. Nitajuaje kwamba mbegu nilizonazo ni za aina ya kudumu?

Usitegemee picha ya pakiti, kwa sababu maua yote haya hufanana pichani. Tegemea jina la Kilatini. *Scabiosa atropurpurea* ni ya msimu mmoja, au huishi kwa muda mfupi tu pale ambapo baridi si kali, na ndiyo yenye rangi nyingi zaidi, ikiwamo ile nyekundu iliyoiva hadi kukaribia weusi. Za kudumu ni *S. caucasica*, *S. columbaria*, *S. ochroleuca*, *S. lucida* na *S. japonica*. Malalamiko mengi ya kwamba skabiosa ya kudumu ilikufa baada ya mwaka mmoja ni ya watu waliopanda *atropurpurea* bila kujua, na mmea huo haukuwa na kosa lolote, kwani ulimaliza umri wake.

Kuna utata mwingine unaoletwa na wataalamu wenyewe. Baadhi yao wameihamishia *caucasica* kwenye jenasi ya *Lomelosia*, na *atropurpurea* kwenye *Sixalix*, kwa hiyo ukikuta majina hayo kwenye pakiti usidhani kwamba umeuziwa kitu kingine. *Knautia* ni jamaa wa karibu lakini si skabiosa, na anayetaka kuhakikisha na ahesabu ncha za kijiua cha katikati: kwenye skabiosa ni 5, kwenye *Knautia* ni 4.

3. Ni spishi ipi inayomfaa anayeanza?

*Scabiosa columbaria*. Ina makao mapana sana kwa asili, kuanzia Ulaya na magharibi mwa Asia hadi nyanda za juu za mashariki na kusini mwa Afrika, na upana huo unaonyesha uvumilivu wake. Hufikia urefu wa sentimita 30 hadi 60, vichwa vyake ni vidogo, lakini hutoa vingi kwa muda mrefu. *S. ochroleuca*, yenye maua ya manjano yaliyopauka kama siagi, ni ndugu yake wa karibu na hutunzwa kwa namna ile ile.

*S. caucasica*, ambayo asili yake ni milima ya Kaukazi pamoja na kaskazini mashariki mwa Uturuki na kaskazini mwa Irani, ndiyo yenye ua la kifahari: kichwa kimoja kinaweza kufikia upana wa sentimita 7 au 8, rangi yake ikiwa samawati ya zambarau, buluu au nyeupe. Hata hivyo haisamehe udongo wenye maji yaliyotuama, nayo huchelewa kuchanua. Ushauri wangu ni kuotesha *columbaria* mwaka huu, ujifunze tabia za kundi hili, kisha mwakani uijaribu *caucasica*.

4. Je, aina zenye majina maarufu zinaweza kuoteshwa kwa mbegu?

Baadhi tu. 'Butterfly Blue', ambayo chama cha Marekani cha Perennial Plant Association kiliichagua kuwa mmea wa kudumu wa mwaka 2000, huendelezwa kwa vipandikizi na kwa kugawanya mashina, na vivyo hivyo 'Clive Greaves'. Mbegu zake zikiota zitakupa skabiosa nzuri, lakini hazitakuwa na uhakika wa kufanana na mama yao. Kwa mbegu, tafuta aina zilizotayarishwa kwa njia hiyo, kama vile mfululizo wa 'Fama', 'Perfecta' au mchanganyiko wa 'House's Hybrids', zote zikiwa za *caucasica*. Hata humo utaona tofauti ndogo za rangi kati ya mche na mche.

5. Itachukua muda gani kabla ya kuona ua la kwanza?

*Columbaria* iliyosiwa mapema inaweza kuchanua mwaka ule ule, kuelekea mwisho wa msimu. *Caucasica* kwa kawaida huchanua mwaka wa pili, baada ya kupitia kipindi cha baridi. Mwaka wake wa kwanza huutumia kujenga mizizi na kitita cha majani yaliyolala karibu na ardhi, na mtu asiyejua hilo huweza kuung'oa mmea wenye afya kwa kudhani kwamba ni tasa.

## Mbegu na kusia

6. Mbegu za skabiosa zinafananaje, na nitatambuaje zilizo nzima?

Kinachoitwa mbegu ni tunda kavu zima. Sehemu ya chini ni ngumu na ina mifereji. Juu yake kuna ukosi mwembamba kama karatasi, na katikati ya ukosi huo hutokeza nywele 5 ngumu zilizotawanyika kama nyota. Umbo lote linafanana na kile kipira cha manyoya kinachopigwa katika mchezo wa badminton, nalo huanguka vivyo hivyo, upande mzito ukitangulia chini. Hakuna haja ya kuukata ukosi wala kuzichezea nywele hizo.

Ili kutambua iliyo nzima, ibane sehemu ya chini kati ya kucha mbili bila kuiponda. Yenye kiini hukataa kubonyea. Iliyo tupu hubonyea kama pumba. Pakiti yenye mbegu nyingi tupu si jambo la kushangaza katika mmea huu, na ni afadhali uzijue kabla ya kusia kuliko kuilaumu trei baadaye.

7. Je, ni lazima mbegu ziwekwe kwenye baridi kwanza?

Si lazima. Mbegu mpya za *columbaria* na *caucasica* huota bila matayarisho yoyote. Baridi husaidia pale ambapo mbegu ni za zamani, au pale ambapo kundi la kwanza lilikataa kuota. Changanya mbegu na mchanga wenye unyevu kidogo, ziweke ndani ya mfuko uliofungwa, kisha ziache kwenye friji kwa nyuzijoto 4 hivi kwa muda wa wiki 2 hadi 4. Usiziweke kwenye sehemu ya kugandisha, kwani mbegu iliyokwisha kunywa maji inaweza kuharibiwa na barafu.

8. Nisie wakati gani wa mwaka?

Mahali penye majira manne, sia ndani ya nyumba wiki 6 hadi 8 kabla ya tarehe ambayo jalidi ya mwisho hutarajiwa. Njia ya pili ni kusia mwishoni mwa kiangazi au mwanzoni mwa majira ya kupukutika kwa majani, miche ikae kwenye kitalu kilichofunikwa kwa kioo hadi majira ya machipuko. Njia hii hutoa mimea yenye nguvu zaidi, kwa sababu hupata baridi inayohitaji ikiwa ingali michanga. Kwa mahali pasipo na majira ya baridi, tazama swali la 22.

9. Mchanganyiko gani wa udongo unafaa kwa trei?

Ulio mwepesi, usio na rutuba nyingi, unaopitisha maji upesi. Sehemu mbili za mboji iliyochujwa au vumbi la makumbi ya nazi kwa sehemu moja ya mchanga wa chembe kubwa au perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za madini zinazouzwa kwa ajili ya bustani) hutosha kabisa. Usitumie udongo mtupu wa bustanini, kwani hushikamana ndani ya trei na huja na vimelea wa ugonjwa unaoelezwa katika swali la 12. Samadi isitiwe katika hatua hii hata kidogo.

10. Mbegu zifukiwe kina gani, na zimwagiliweje?

Lowesha mchanganyiko kwanza, uuache uchuruzike, ndipo uweke mbegu zikiachana kwa sentimita 2 hadi 3. Zifunike kwa tabaka jembamba la milimita 3 hivi la mchanga au vemikulaiti (madini mepesi yanayoshika unyevu), kiasi kwamba nywele za baadhi ya mbegu zitabaki zikichungulia, na hilo halina madhara. Joto linalofaa ni nyuzi 18 hadi 21. Trei iliyofunikwa kwa plastiki na kuachwa juani hupanda joto haraka kupita kiasi hicho, na mbegu huiva badala ya kuota.

Kwa maji, ikalishe trei ndani ya chombo chenye kina kidogo cha maji hadi uso wa udongo ubadilike rangi, kisha iondoe mara moja. Kumwagilia kwa juu huzihamisha mbegu, kwa kuwa ule ukosi wa karatasi huzifanya zielee.

11. Wiki tatu zimepita na miche ni michache. Je, nitupe trei?

La. Skabiosa haioti kwa pamoja kama mchicha. Miche ya kwanza hutokeza kwa kawaida kati ya siku ya 10 na ya 21, na si ajabu nyingine kufuata mwezi mmoja baadaye. Iatike ile iliyo tayari kwa kuinyanyua na kijiti bila kuvuruga majirani zake, na uiache trei ikiwa na unyevu kwa wiki nyingine 3 au 4. Ikiwa hakuna hata mche mmoja uliotokea baada ya siku 40, fukua mbegu chache uzibane kama ilivyoelezwa katika swali la 6: zikiwa ngumu bado, ipeleke trei nzima mahali penye baridi kwa wiki chache, kisha uirudishe kwenye joto; zikiwa laini na zinanuka, zimeoza.

12. Kwa nini miche yangu inaanguka usiku mmoja ikiwa imenywea shinani?

Huo ni ugonjwa wa kinyausi, unaosababishwa na vimelea wa udongoni, hasa jamii za *Pythium* na *Rhizoctonia*. Shina hunywea pale linapogusana na udongo, huwa jembamba kama uzi, na mche hulala ukiwa na majani ambayo bado ni ya kijani. Mche uliokwisha kuanguka haufufuki.

Tiba ya kweli ni kuzuia: vyombo vilivyooshwa, mbegu zisizosongamana, hewa inayopita, na uso wa udongo unaoachwa ukauke kidogo kati ya kumwagilia na kumwagilia. Mara tu mche wa kwanza unapotokeza, ondoa kifuniko cha plastiki. Watu hukiacha kwa huruma, wakidhani wanaikinga miche, kumbe wanaifugia kuvu.

13. Je, ninaweza kusia moja kwa moja bustanini?

Inawezekana, hasa kwa *columbaria*, ikiwa udongo ni laini na magugu yamekwisha kung'olewa. Hasara yake ni kwamba mche mchanga hufanana na magugu mengi ya majani mapana na hupotea wakati wa kupalilia. Ukichagua njia hii, sia kwa mstari ulionyooka na uuwekee alama pande zote mbili, ili kila kinachoota nje ya mstari ukitilie shaka.

## Kuatika na kupanda

14. Miche ihamishwe lini, na ianze lini kuzoeshwa jua?

Iatike kwenye vyungu vya sentimita 7 hadi 9 inapokuwa na jozi mbili za majani halisi, bila kuyahesabu yale mawili ya kwanza yaliyotoka ndani ya mbegu. Mshike mche kwa jani, kamwe usiushike kwa shina, kwa maana jani likivunjika litaota jingine, ilhali shina lililobonyea halina mbadala. Wiki kadhaa baadaye, mizizi inapoanza kuonekana kwenye matundu ya chini, miche iko tayari kwenda nje. Kwanza itoe kivulini kwa saa chache, uongeze muda na jua kila siku kwa siku 7 hadi 10. Majani yaliyogeuka meupe kama karatasi baada ya siku ya kwanza nje ni dalili kwamba hatua hii ilirukwa.

15. Inahitaji mahali pa namna gani?

Jua la saa 6 au zaidi kwa siku, na udongo ambao maji hayatuami. Kati ya masharti haya mawili, la pili ndilo zito zaidi. Skabiosa yenye jua pungufu hutoa maua machache. Iliyokaa kwenye maji hufa. Ili kuupima udongo, chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, kisha ulijaze tena: yakikaa zaidi ya saa chache mara ya pili, inua tuta la sentimita 15 hadi 20 na upande juu yake. Kuchanganya mchanga kidogo ndani ya udongo wa mfinyanzi hakusaidii, na wakati mwingine huufanya ugumu zaidi. Mboji nyingi na tuta lililoinuliwa ndiyo njia.

Mmea huu hupenda udongo usio na asidi, wenye pH (kipimo cha asidi, ambapo 7 ni katikati) ya kati ya 6.5 na 7.5 hivi, na huvumilia chokaa vizuri. Ikiwa kipimo kiko chini ya 6, changanya chokaa ya kilimo wiki kadhaa kabla ya kupanda, kwa kiasi kilichoelekezwa kulingana na aina ya udongo wako. Majivu ya kuni nayo hupunguza asidi, lakini hufanya kazi upesi na kwa nguvu, kwa hiyo yanyunyize kwa uchache. Maganda ya mayai hayadhuru, ila huchukua muda mrefu mno kuvunjika hata hayafai kutegemewa.

16. Nafasi na kina cha kupanda ni kipi?

Acha sentimita 40 hadi 45 kwa *caucasica*, 30 kwa *columbaria*, na 25 kwa *japonica*, ambayo ni fupi. Kuhusu kina, shingo ya mmea, yaani pale majani yote yanapokutana juu ya mizizi, ibaki sawasawa na uso wa ardhi au juu yake kidogo sana. Shingo iliyofukiwa huoza, na uozo huo hujificha: majani ya nje hunyauka kana kwamba yana kiu, mwenye bustani huongeza maji, na mwisho mmea huvutwa ukatoka wote mkononi bila mzizi hata mmoja. Matandazo nayo yaachwe sentimita chache mbali na shingo. Kokoto ndogo kuizunguka ni bora kuliko majani makavu.

## Utunzaji

17. Nimwagilie na kutia mbolea kiasi gani?

Mimea mingi ya jamii hii huuawa na wema. Katika mwaka wa kwanza mwagilia kwa kina mara moja kwa wiki pasipo na mvua, ukigusa udongo kwanza: sentimita 3 za juu zikiwa bado na unyevu, subiri. Ukishashika vizuri, mmea huvumilia ukame wa kadiri. Elekeza maji kwenye udongo, si katikati ya kitita cha majani.

Mbolea inayotosha ni mboji ya unene wa sentimita 2 mara moja kwa mwaka, mwanzoni mwa msimu wa kukua. Naitrojeni nyingi huleta majani ya kupendeza na mabua marefu yanayolala chini. Anayependa kutia mbolea kila wiki na apande mahindi.

18. Je, ni kweli kwamba kukata maua yaliyonyauka huongeza mengine?

Ni kweli, na hakuna kazi nyingine ndogo kama hii inayolipa zaidi. Mmea ukiruhusiwa kukomaza mbegu huona shughuli yake imekwisha. Kata bua lote hadi pale linapochomoza jani au tawi la pembeni, wala usikate kichwa peke yake ukaacha msitu wa vijiti. Ugumu ni kwamba tumba changa na kichwa kilichodondosha petali hufanana kwa mbali, vyote vikiwa vifundo vya kijani. Tumba limebapa juu kama kitufe. Kichwa kilichomaliza ni cha mviringo, kimevimba, na nywele zake huchoma kidogo kidoleni.

19. Mimea itavukaje majira ya baridi kali?

*Caucasica* huvumilia baridi ya chini ya nyuzi -25 ikiwa udongo ni mkavu. Adui ni maji ya baridi yanayokaa kwenye shingo, wala si baridi yenyewe. Usikate kitita cha majani ya chini. Kisafishe wakati wa machipuko. Vichwa vya mwisho vyenye mbegu unaweza kuviacha, kwani ndege wadogo huvidonoa.

20. Mmea mmoja huishi miaka mingapi, na huongezwaje?

Neno la kudumu hapa lisieleweke kama linavyoeleweka kwa mti. Skabiosa nyingi huanza kuchoka baada ya miaka 3 hadi 5: katikati panakuwa wazi na maua yanapungua. Kila baada ya miaka 2 au 3, wakati wa machipuko, fukua shina zima, ligawe kwa kisu kikali katika vipande vyenye mizizi na machipukizi, utupe sehemu ya katikati iliyozeeka, na upande upya vile vya pembeni. Wakati huo huo unaweza kukata machipukizi ya chini yenye urefu wa sentimita 7 hivi na kuyaotesha kwenye mchanga wenye unyevu. Busara zaidi ni kusia mbegu chache kila mwaka wa pili, ili pawe na miche ya kurithi nafasi.

21. Ni wadudu na magonjwa gani ya kuogopa?

Konokono, wenye kombe na wasio na kombe, ndio waharibifu wakubwa, hasa kwa miche ya wiki zake za kwanza nje. Huja usiku na kumaliza mstari mzima. Waokote kwa tochi baada ya giza kuingia. Vidukari hukusanyika kwenye mabua machanga na huondoka kwa mnyunyizo wa maji yenye nguvu. Ubwiri unga, yaani ule ukungu mweupe kama unga juu ya majani, hutokea pale mimea iliposongamana na mizizi ikawa mikavu. Ondoa majani yaliyoathirika na upanue nafasi. Kuhusu kuoza kwa shingo, tazama swali la 16.

## Hali zisizo za kawaida

22. Ninaishi mahali penye joto mwaka mzima. Je, nijisumbue?

Inategemea zaidi mwinuko na unyevunyevu kuliko jina la nchi. Nyanda za juu zenye usiku wa baridi huipokea *columbaria* vizuri, na hata *caucasica* inaweza kuishi huko, ingawa pasipo baridi ya kutosha huweza kubaki majani matupu. Mahali pa chini penye joto na unyevunyevu, skabiosa za kudumu hazidumu. Zichukulie kama mimea ya msimu mmoja, usie mwanzoni mwa miezi yenye ubaridi, uzikinge na jua la alasiri, na uzipande juu ya tuta wakati wa mvua. Mtu wa mahali hapo ambaye shabaha yake ni maua tu, bila kujali umri wa mmea, atafurahishwa zaidi na *atropurpurea*.

23. Je, inaweza kukaa kwenye chungu?

Ndiyo, hasa *columbaria* na *japonica*, katika chungu chenye kina kisichopungua sentimita 25 na matundu yaliyo wazi. Usiweke tabaka la kokoto chini kwa nia ya kusaidia maji yatoke. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kuingia kwenye kokoto, hivyo tabaka hilo hupandisha unyevu karibu na mizizi. Changanya perlaiti katika udongo wote badala yake.

24. Mmea wangu una majani mengi lakini hautoi maua. Kwa nini?

Anza na umri wake (swali la 5), kisha jua (swali la 15), kisha mbolea (swali la 17). Zote zikiwa sawa, huenda mmea umezeeka na unahitaji kugawanywa, au haukupata baridi.

25. Mbegu nilizovuna mwenyewe zitatoa maua yale yale?

Yatafanana, hayatakuwa yale yale, kwa sababu nyuki na vipepeo huhamisha chavua kutoka mmea hadi mmea bila kuuliza rangi. Ukiwa na spishi moja tu ya rangi moja, tofauti itakuwa ndogo. Acha vichwa vichache vya mimea bora hadi vigeuke rangi ya majani makavu na mbegu ziachie kwa kuguswa. Usichelewe, kwa kuwa upepo nao unazisubiri. Zikaushe kwa wiki moja juu ya karatasi, kivulini, kisha zihifadhi katika bahasha ya karatasi mahali pakavu penye ubaridi. Zitumie ndani ya mwaka mmoja au miwili, kwani nguvu yake ya kuota hupungua haraka.

26. Je, skabiosa inaweza kugeuka gugu?

Za kudumu zilizotajwa hapa hujisia kidogo, na miche ya ziada hung'oka kwa vidole. *Atropurpurea* ndiyo ya kuangalia: imeota na kujiendeleza yenyewe nje ya bustani huko Australia na California, kwa hiyo mahali penye kiangazi kikavu na mvua za majira ya baridi kata vichwa vyake kabla ya mbegu kukomaa.

27. Maua ya kuweka ndani ya nyumba yakatwe lini?

Asubuhi, umande ukishakauka, wakati kichwa kimefunguka nusu na vijiua vya katikati vingali vimefumba. Likikatwa likiwa tumba, ua halifunguki vizuri. Likikatwa wakati pini zote zimetokeza, hudondosha petali baada ya siku chache. Mabua ya *caucasica* ni marefu na hayana majani mengi, hivyo hukaa kwa urahisi ndani ya chombo, na maji yakibadilishwa kila siku ya pili, maua hudumu kwa takribani wiki moja.